Kuku wamekula sumu ya wadudu: la kufanya saa hiyo, na vitamini zinaingia wapi

Nilipofungua banda asubuhi ile, jogoo alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa mlafi kuliko wote, na sumu humtangulia mlafi. Kuku wengine sita walikuwa wamelala kifudifudi kuzunguka chombo cha maji. Mtetea mmoja alikuwa bado anapambana: mate membamba yananing'inia mdomoni kama uzi, kichwa kinatikisika, kila akijaribu kusimama miguu inamponyoka. Nililipapasa gole lake, limejaa. Baadaye nilivaa glavu nikalipasua gole la jogoo, nikakuta mahindi ya rangi ya waridi. Zilikuwa mbegu zilizopakwa dawa. Zilibaki baada ya kupanda, nikaziweka stoo, panya wakatoboa gunia, kuku wakamalizia.

Kosa la kwanza lilikuwa hilo gunia. Kosa la pili nililifanya palepale: nilikimbilia pakiti ya vitamini, nikakoroga ndoo nzima, nikakaa kusubiri wanywe. Kuku anayetetemeka hanywi. Nusu saa ya maana ikapotea hivyo, na mtetea yule nikamkosa.

Vitamini E na C zina kazi kwenye sumu hizi, tena kazi ya kweli. Ila si ile ambayo wengi wetu tunazinunulia, ndiyo maana kwenye mwongozo huu nimeziweka mbele kidogo, baada ya mambo yanayookoa roho.

Sumu humfikiaje kuku

Mbegu zilizopakwa dawa ni njia mojawapo. Hutiwa rangi nyekundu, ya waridi, kijani au bluu makusudi ili mtu asizile, lakini kuku hasomi onyo. Nyingine ni nafaka ya akiba iliyochanganywa na unga wa kuua fukusi na dumuzi, halafu makombo yake yakafagiliwa uani. Kuna upepo unaoleta dawa kutoka shamba la jirani, kuna wadudu waliokufa kwa dawa ambao kuku huwaona karamu, kuna maranda yaliyotoka kwenye mbao zilizotiwa dawa, na kuna ndoo iliyowahi kuchanganyia dawa ambayo leo imekuwa chombo cha maji.

Inayoniudhi kuliko zote ni ya kuwaogesha kuku kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Mtu ana tatizo la utitiri, anachukua dawa iliyopo, anakadiria kwa kizibo, anamchovya kuku mmoja mmoja. Kipimo cha ng'ombe wa kilo 300 hakikupangwa kwa kuku wa kilo 2 ambaye, akitoka hapo, atakaa kutwa akinyoosha manyoya yake kwa mdomo na kuimeza dawa ileile.

Soma dalili kabla ya kushika dawa yoyote

Kundi linaloua kuku wengi kwa haraka ni oganofosfeti (klopirifosi, diazinoni, dimethoeti na wenzake) pamoja na kabameti (kabarili, methomili, kabofurani). Neva hupeleka ujumbe kwenye msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na ujumbe ukishafika, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huufuta. Sumu hizi hukifunga hicho kifutio. Ujumbe haufutiki, basi tezi zinamwaga mate na machozi bila kukoma, utumbo unaharisha, misuli inatetemeka mpaka inachoka, na mwisho kuku anakufa kwa kushindwa kupumua. Ndege huumia kwa dozi ndogo kuliko wanyama wengi wanaonyonyesha, kwa kuwa wana upungufu wa vimeng'enya vya damu vinavyovunja sumu hizi. Kabameti hukiachia kimeng'enya chenyewe, mara nyingi ndani ya saa kadhaa, hivyo kuku aliyevuka saa za mwanzo ana matumaini. Oganofosfeti huking'ang'ania, na kadiri muda unavyopita ndivyo fundo linavyokaza.

Pairethroidi, kama sipamethrini na deltamethrini, kuku mkubwa huzivumilia zaidi. Hatari yake kubwa ni kwa vifaranga, na kwa samaki, kwa hiyo maji uliyooshea kuku usiyamwage kijitoni wala bwawani. Fipronili na zile za zamani za jamii ya DDT hugusa ubongo: kuku anashtuka kwa kelele ndogo, anapigwa degedege, anatulia, anaanza tena.

Sumu ya panya ni habari nyingine kabisa. Ile ya kuzuia damu kuganda, kama brodifakumu, haionyeshi kitu siku za mwanzo, halafu unaona kishungi kimekuwa cheupe, damu inatoka puani au kwenye kinyesi. Hapa ndipo vitamini huwa dawa yenyewe hasa: ni vitamini K1. Ile K3 iliyomo kwenye virutubisho vingi vya kuku haitoshi kwa kazi hii.

Vipi utajua si kideri? Sumu hupiga kwa mkupuo, kundi lililokula pamoja linaanguka ndani ya saa chache, wenye afya na wenye kula sana wakitangulia, gole likiwa na chakula. Kideri husambaa kwa siku, kuku wanapoteza hamu ya kula, wanaharisha kijani, wanakohoa, baadhi shingo zinapinda. Kuku mwenye shingo iliyolegea kama kamba, huku kuna mzoga wenye mafunza karibu, mdhanie sumu ya bakteria ya botulizimu. Ila vifo vingi vya ghafla vinaweza pia kuwa mafua ya ndege, kwa hiyo usipasue mizoga mikono mitupu, na usimpe jirani "achinje haraka kabla hajafa".

Saa ya kwanza

Anza na mwili wako: glavu, mikono mirefu, kitambaa au barakoa puani. Sumu iliyomo kwenye manyoya hupenya ngozi yako vilevile.

Kisha kata chanzo. Waondoe kuku wote mahali pale, hata wanaoonekana wazima, wapeleke penye kivuli na hewa. Toa chakula chote, mwaga maji yote, leta maji mapya kwenye vyombo vingine. Watu huwa wanahangaika na kuku watano walioanguka, huku hamsini wakiendelea kudonoa palepale walipodonoa wale watano. Hatua hii huokoa wengi kuliko sindano yoyote.

Kama dawa iliwamwagikia au waliogeshwa nayo, waoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji, ukianzia mgongoni kushuka, usisugue kwa nguvu. Suuza vizuri, wakaushe kwa taulo, wape joto. Kifaranga aliyeoshwa akaachwa na baridi atakufa kwa baridi, ukadhani ni sumu.

Aliyemeza, na bado ana fahamu, anaweza kusaidiwa na unga wa mkaa wa dawa unaouzwa famasi. Kipimo cha kawaida kwa ndege ni gramu 1 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito, ukikorogwa na maji mpaka uwe uji mwepesi. Kuku wa kilo 2 atapata gramu 2 hadi 6. Hupitishwa kwa mpira laini mpaka kwenye gole, na aliyewahi kufanya ndiye afanye. Ukimimina kinywani mwa kuku anayetetemeka, uji unaingia mapafuni. Mkaa wa jikoni uliosagwa hauna vile vitundu vidogo vinavyonasa sumu, usipoteze muda nao.

Maziwa na mafuta ya kupikia achana navyo. Nimeona yakisifiwa sana, lakini sumu nyingi za wadudu huyeyuka kwenye mafuta, na ukimpa kuku mafuta unaweza kuisaidia kuingia mwilini.

Mpigie daktari wa mifugo ukiwa na kopo la dawa mkononi, umsomee kiambato chake na si jina la kibiashara tu. Kwa oganofosfeti na kabameti atatumia atropini. Kwa ndege kipimo kinachotajwa sana ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kilo, sindano ya msuli, ikirudiwa kila baada ya saa chache kadiri anavyoona hali. Nakitaja ili usishangae, si ili ujidungie mwenyewe. Dalili kwamba inafanya kazi ni mate kukauka na pumzi kulainika. Usiangalie mboni ya jicho kama wanavyofanya kwa binadamu: misuli ya mboni ya ndege ni ya aina nyingine, atropini haiipanui. Tena atropini haiondoi udhaifu wa misuli. Kwa oganofosfeti kuna pralidoksimu, dawa ya kukifungua kimeng'enya, ambayo hufaa mapema tu, kabla fundo halijakaza. Kwa pairethroidi, fipronili na jamii ya DDT hakuna dawa ya kukata sumu; ni kutuliza degedege, kivuli, ukimya na maji.

Kabla hujazika, weka ushahidi

Chukua kidogo cha chakula, maji, na vilivyomo kwenye gole na firigisi la mzoga mbichi. Chukua ini, na ubongo ukiwezekana, au mpe daktari kichwa kizima. Weka kila kimoja kwenye chupa safi ya kioo au kifungie kwenye foili, andika tarehe, kihifadhi kwenye barafu. Maabara hupima kolinesterasi ya ubongo: ikiwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 50 chini ya kawaida, na ndege amekufa, sumu ya aina hii ndiyo iliyomuua, kushuka kwa asilimia 20 huonyesha kwamba aliguswa nayo. Sampuli iliyokaa juani haina maana, hasa kwa kabameti, kwa kuwa kimeng'enya hujifungua na kipimo kinatoka kizuri ilhali kuku kafa.

Mizoga izike kwa kina, mbali na kisima, mbwa wasiifikie. Mbwa aliyekula kuku mwenye sumu naye ataugua.

Sasa vitamini

Mbali na kufunga neva, sumu hizi zina madhara ya pili yanayokwenda polepole. Ini linapohangaika kuzivunja, huzaliwa chembe za oksijeni zenye ukali, ambazo wataalamu huziita radikali huru. Hizi hushambulia mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli. Fikiria moto wa nyasi kavu: jani moja likishika, linawasha la pili, la pili linawasha la tatu. Ini, figo, ubongo, hata viungo vya uzazi huungua hivyo kimyakimya. Kuku hafi, ila anadumaa, mayai yanapungua, chanjo hazishiki vizuri.

Vitamini E hukaa ndani ya utando wenyewe, katikati ya mafuta, na kazi yake ni kuukata moto usiruke jani la pili. Ikishakata, yenyewe inachoka. Vitamini C, inayokaa upande wa maji, huiamsha ifanye kazi tena. Seleniamu ni sehemu ya kimeng'enya kinachozoa masalia yanayobaki kabla hayajawasha moto mwingine. Ndiyo sababu hutajwa pamoja. E bila wenzake huchoka mapema.

Majaribio mengi, ya panya wa maabara na ya kuku, yameonyesha jambo hili kwa klopirifosi, sipamethrini na nyinginezo: damu na ini la mnyama aliyepewa sumu huwa na masalia mengi ya mafuta yaliyoungua na akiba ndogo ya kinga, na akipewa vitamini E, C au zote mbili hali huwa nafuu. Ila angalia zilivyotolewa. Kwa kawaida vitamini ilitangulia sumu au ilikwenda nayo sambamba, na sumu yenyewe ilikuwa dozi ndogo ya kila siku kwa wiki kadhaa. Huyo si jogoo wangu aliyejaza gole mbegu za waridi. Kimeng'enya kilichofungwa na oganofosfeti, vitamini haikifungui.

Kwa hiyo zitumie kwa makundi mawili: kuku walionusurika, wameanza kula, na ini linajijenga upya, na kuku wanaoishi karibu na mashamba yanayopigwa dawa, ambao hupata kidogo kidogo huku unahangaika kuwaondolea chanzo.

Kuku hujitengenezea vitamini C mwenyewe, kwenye figo, tofauti na sisi. Ndiyo maana katika hali ya kawaida haihitaji kwenye chakula. Joto kali, ugonjwa au sumu vinapozidi, kiasi anachotengeneza hakitoshi. Kipimo kilichozoeleka wakati wa joto kali ni miligramu 200 hadi 250 kwa kilo ya chakula, nami hufuata hicho kwa walionusurika sumu. Vitamini E hajitengenezei hata chembe. Hitaji la chini kabisa la kuku wa nyama ni yuniti 10 hivi (kwenye lebo huandikwa IU) kwa kilo ya chakula. Kwenye tafiti za kinga hutumika mara nyingi 100 hadi 300.

Hesabu ya mfuko wa kilo 50 ni hii. Ukitaka miligramu 150 za vitamini E kwa kilo, 150 mara 50 ni miligramu 7,500, yaani gramu 7.5. Lakini unga wa vitamini E wa mifugo mara nyingi una nguvu ya asilimia 50, basi unahitaji gramu 15 za unga. Miligramu moja ya ile ya kutengenezwa iliyoandikwa asetati ni sawa na yuniti moja, hivyo usibabaike lebo ikisema yuniti. Vitamini C kwa miligramu 250: gramu 12.5 kwa mfuko. Pima kwa mizani ndogo, si kwa kijiko. Changanya kwanza na kilo 1 ya pumba, kisha kilo 5 za chakula, ndipo umwage kwenye mfuko wote. Ukiitupia gramu 15 kwenye kilo 50 moja kwa moja, kuku mmoja atapata zote na kumi hawatapata kitu.

Vitamini C ukiiweka majini, weka ya kunywewa ndani ya saa chache, kwenye chombo cha plastiki. Chuma chenye kutu na maji yenye klorini huiharibu upesi. Soma pia pakiti za vitamini mchanganyiko: nyingi zina E kidogo sana, na rangi nzuri ya njano isikudanganye.

Seleniamu usiiongeze kwa kubahatisha. Kuku anahitaji takriban miligramu 0.15 kwa kilo ya chakula, Marekani huruhusu kuongeza isiyozidi 0.3, na ikifika kama 5 mayai huanza kutoa vifaranga wenye viungo vilivyoharibika. Nafasi kati ya dawa na sumu ni nyembamba, na chakula cha kiwandani kwa kawaida kimeshawekewa. Vitamini E nayo, ikifika maelfu ya yuniti kwa kilo, huzuia wenzake A, D na K wasifyonzwe. Mimi huitoa wiki mbili hadi tatu, halafu narudi kwenye chakula cha kawaida.

Majani mabichi yana vitamini E, wape. Ila yasiwe yaliyotoka shamba lilelile lililopigwa dawa jana. Nimemwona mtu akifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Tena kuna mtego. Kifaranga aliyekosa vitamini E hulainika ubongo: huanguka, hurudisha kichwa nyuma, hupiga miguu hewani. Ukimwona utaapa ni sumu. Chanzo chake mara nyingi ni chakula chenye mafuta yaliyochacha, kwani uchachu huo huila vitamini E yote. Kabla hujamlaumu jirani na bomba lake, nusa mfuko wa chakula.

Baada ya wiki: bado usistarehe

Baadhi ya oganofosfeti huleta ulemavu wa miguu wiki 1 hadi 3 baada ya kuku kuonekana amepona: anayumba, anachechemea, miguu inapooza. Kuku jike mzima hupata tatizo hili waziwazi kiasi kwamba ndiye anayetumika maabara kupima kama kemikali mpya ina tabia hiyo. Atropini haizuii jambo hili. Waliopona wape muda huo kabla ya kuhesabu umewaokoa wangapi.

Mayai na nyama ni swali la kila mtu. Waliokufa na waliougua hawaliwi, hata wakichemshwa. Moto wa jikoni si wa kutegemea kuondoa sumu. Kiini cha yai hukua kwa siku 7 hadi 10 hivi kabla ya kutagwa, kikichota mafuta ya mwili, kwa hiyo sumu inayokaa kwenye mafuta huendelea kutoka kwenye mayai muda mrefu baada ya chanzo kuondolewa. Mwaka 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani Ulaya, Uholanzi na Ubelgiji zikiwa katikati ya sakata hilo, kwa sababu fipronili ilikuwa imetumika kuua utitiri kwenye mabanda, kinyume cha sheria. Kuku wenyewe hawakuwa wakianguka. Sumu ilikuwa kwenye viini. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo hupangwa kwa matumizi sahihi, kwa hiyo baada ya ajali muulize daktari, na mayai uyaharibu mpaka akupe ruhusa. Vitamini haisafishi yai.

Stoo na bomba

Mbegu zilizopakwa dawa sasa naziweka kwenye pipa la bati lenye mfuniko wa kubana, limeandikwa, jengo tofauti na chakula cha kuku. Makopo matupu nayatoboa ili yasigeuke vyombo vya maji. Bomba la shambani haliingii bandani. La bandani ni dogo na lina utepe mwekundu. Kwa utitiri natumia dawa iliyoandikwa ni ya kuku, kwa kipimo chake, na napulizia nyufa za banda kuku wakiwa nje mpaka pakauke. Jirani akipiga dawa, kuku wanafungiwa siku hiyo na ya pili yake, na maji ya nje yanamwagwa kabla hawajafunguliwa.

Zile mbegu za waridi zilizobaki nilizipanda zote msimu uliofuata, mpaka punje ya mwisho, na gunia nikalizika.